Kuazima Video Bila Kwenda Mjini

Katika soko la Mang'ula, kama ilivyo Kidatu, Ifakara na miji midogo mingine ya bonde la Kilombero, maktaba ya video ni kijana mwenye kompyuta, spika mbili na kisomeo cha kadi. Mteja anafika, anachomoa memori kadi kwenye simu na kumkabidhi.

"Mama, nikuwekee za kutafsiriwa au za kawaida?"

"Za kutafsiriwa, mwanangu, na zile za Kibongo za zamani. Ila usinifutie picha za harusi."

Baada ya robo saa kadi imejaa, mama anaondoka na muvi za kumtosha mwezi mzima, na bando lake halijaguswa. Mtu asiidharau huduma hii. Iko karibu, ni ya bei ndogo, na mwenye kompyuta anawajua wateja wake kuliko mashine yoyote.

Tatizo linaanza pale mama huyohuyo anapotaka kitu kingine. Akiulizia video ya kuchagua mbegu za mpunga, ya hesabu za mtoto wa darasa la tano, au ya namna ya kumkamulia maziwa mtoto njiti, kijana anakuna kichwa. Folda zake zimejaa mapigano, mapenzi na mpira. Tena sehemu kubwa ya kilichomo kimenakiliwa bila ruhusa ya wenyewe, na siku wakaguzi wakipita sokoni, kompyuta inafungwa haraka na biashara inahamia uchochoroni.

Video hizo anazozikosa zipo, nyingi kwa Kiswahili, na zinapatikana kihalali bila kulipia chochote zaidi ya bando la kuzipakulia. Zimehifadhiwa kwenye maktaba za mtandaoni ambazo watu wengi wa bondeni hawajawahi kuambiwa habari zake. Anayetaka kuzitumia anahitaji kujua mambo machache: maktaba ipi ina nini, ipi inaazimisha kwa muda na ipi inatoa moja kwa moja, na namna ya kupakua bila bando kukata katikati ya safari.

Maktaba ya serikali inaishia wapi

Tanzania ina mfumo wa maktaba za umma wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Bodi ya Huduma za Maktaba iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Mwalimu Nyerere akafungua jengo la Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, tarehe 9 Desemba 1967. Kutoka hapo zilijengwa maktaba za mikoa, na ya mkoa wa Morogoro iko Morogoro mjini. Mfumo huo uliwekewa misingi ya vitabu, magazeti na meza za kusomea, na hadi leo hicho ndicho mtu anachopaswa kukitarajia kwanza.

Kwa hiyo mtu wa Mang'ula asipande basi hadi Morogoro akidhani atarudi na video kwenye flashi. Apige simu kwanza, aulize maswali matatu: je, kuna kompyuta zenye intaneti kwa wanachama? Je, mwanachama anaruhusiwa kupakua faili na kuondoka nayo? Na uanachama unahitaji nini, barua ya serikali ya mtaa, picha, kitambulisho cha NIDA? Akipata majibu mazuri, safari yake ya Morogoro ya shughuli nyingine, iwe hospitali, benki au kumpeleka mtoto shule, inaweza kubeba na kazi hii.

Picha zinazotembea zenyewe si ngeni vijijini. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa majaribio ya sinema wenye makao yake Vugiri, kwenye Milima ya Usambara, ulitengeneza filamu 35 na kuzizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Zilihusu safura, mmomonyoko wa udongo, uuzaji wa kahawa na akiba ya posta. Sauti ilipigwa kwa santuri, kwa lugha ya watazamaji. Ila lori likishaondoka, filamu nayo imekwenda. Mkulima aliyesahau hatua ya tatu hakuwa na pa kuirudia. Faili iliyo kwenye simu huchezwa upya mara kumi, tena shambani kwenyewe.

Inayojifunga na inayobaki

Kabla ya kugusa bando, mtu ajue anaazima video ya aina gani. Ziko mbili, na kuzichanganya ndiko kunakowapotezea wengi hela.

Ya kwanza ni ya kuazima kwa muda. Marekani na Kanada, maktaba za miji mingi zimejiunga na huduma kama hoopla na Kanopy. Mwenye kadi ya maktaba anaingia na namba yake, anachagua filamu, anaitazama bila kulipa. Filamu aliyoazima hoopla anakaa nayo saa 72, kisha inajifunga yenyewe. Hakuna kuirudisha wala faini ya kuchelewa. Maktaba ndiyo inayomlipa mwenye filamu kwa kila azima au kwa muda maalumu, na ndiyo maana faili haitoki nje ya programu. Hata ikipakuliwa kwenye simu, huwezi kuirusha kwa jirani wala kuiweka kwenye flashi ya TV.

Huduma hizi zinawafaa Watanzania na Wakenya wanaoishi Minneapolis, Toronto au Houston, ambao wengi wao wana haki ya kadi ya maktaba ya mji wao na hawajawahi kuichukua. Kwa aliyeko Mang'ula hazifai. Zinahitaji kadi ya maktaba iliyojiunga, na kadi hutolewa kwa mkazi wa eneo husika. Kumwomba shangazi wa ughaibuni namba yake ya siri ni kumtafutia matatizo, na mara nyingi huduma yenyewe haifunguki nje ya nchi iliyokusudiwa. Afadhali shangazi aombwe jambo jingine: apakue video za aina ya pili kwenye memori kadi kubwa huko ambako intaneti ni ya bei rahisi, aje nayo likizo.

Kundi hilohilo la kwanza lina ndugu zake wa kibiashara. Programu za kulipia filamu, na hata kitufe cha kupakua kilichomo ndani ya YouTube, huhifadhi video ndani ya programu tu. Baada ya muda hudai simu irudi mtandaoni ithibitishe, la sivyo video inagoma kufunguka. Anayepakua akitegemea kuitumia kijijini kwa miezi mitatu ajue hilo mapema.

Aina ya pili ni video ambayo mwenyewe ameruhusu watu waichukue, wabaki nayo na wagawiane. Ruhusa hiyo huandikwa chini ya video au kwenye ukurasa wa masharti, mara nyingi kwa leseni za Creative Commons. Alama zake ni herufi chache. BY maana yake taja jina la aliyeitengeneza. NC, usiifanyie biashara. ND, usiibadilishe. SA, ukiibadilisha, toa kazi yako kwa ruhusa hiyohiyo. Herufi hizi zina uzito mkubwa kwa Tanzania hasa, nchi ambayo jina la Lufufu lilivuma kwa kutafsiri filamu za kigeni kwa sauti yake mwenyewe. Kijana anayetaka kuiga ufundi huo kwa kuweka maelezo yake juu ya video ya kilimo aangalie kwanza kama kuna ND. Na mwenye kibanda umiza anayetaka kutoza kiingilio aangalie NC.

Pasipokuwa na maelezo yoyote ya ruhusa, chukulia kwamba huna. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haimtaki mwenye kazi aweke onyo ndipo alindwe.

Pa kuanzia

Kwa wakulima, mlango wa kwanza ni Access Agriculture, shirika lililoanzishwa mwaka 2012 ambalo hifadhi yake ya video za wakulima iko katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Kila video inaweza kupakuliwa, na nyingi zina toleo dogo la simu na toleo la sauti peke yake. Toleo la sauti lisipuuzwe: linachezwa hata na kitochi chenye nafasi ya kadi, na kwenye sabufa ya baa au saluni.

Mfano mmoja unaofaa kabisa Kilombero ni video za mbegu za mpunga zilizotengenezwa kwa kushirikiana na wakulima wanawake wa Bangladesh, kisha zikatafsiriwa kwa lugha za Afrika. Mama anachukua ndoo ya maji, anatia chumvi na kukoroga, anaweka yai bichi. Yai likizama, anaongeza chumvi. Likielea, maji yako tayari. Anamwaga mbegu. Pepe na mbegu mbovu zinapanda juu, anaziengua kwa mkono, halafu zile zilizozama anaziosha kwa maji safi ili chumvi isiziharibu. Hakuna mashine wala dawa ya kununua. Mkulima wa skimu ya Mkula au Msolwa Ujamaa anayepanda SARO 5 anaweza kufanya hivyo jioni hiyohiyo. Akiwa na swali kuhusu aina ya mbegu au mbolea ya udongo wake, kituo cha utafiti cha TARI Ifakara kipo, na bwana shamba wa kata yupo. Video inamwandaa kuuliza vizuri, lakini haiwezi kujua udongo wake.

Wapo wenye mashaka kama wakulima watajali video zisizo za kuchekesha. Nchini Benin watafiti walikuta wakulima wakinunua kwa hela zao diski za mafunzo ya kilimo cha mboga kutoka kwa wauzaji wa kawaida wa sinema. Kilichohitajika ni diski hizo kuwepo kwenye meza ya muuzaji.

Mlango wa pili ni SAWBO, mradi ulioanzia Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, unaotengeneza katuni fupi za mafunzo na kuziwekea sauti za lugha nyingi, Kiswahili kikiwa mojawapo. Zipo za kujikinga na kipindupindu, za kuhifadhi maharage kwenye dumu lililofungwa kabisa ili wadudu wafe kwa kukosa hewa, na za kutengeneza dawa ya mwarobaini. Zilitengenezwa makusudi ziwe ndogo, zipite kwa Bluetooth kutoka simu hadi simu. Kwa bonde ambalo mito hufurika karibu kila masika, ile ya kipindupindu ni ya kuwa nayo simuni kabla mvua hazijaanza.

Kwa wahudumu wa afya, wanafunzi wa uuguzi wa Ifakara na wahudumu wa ngazi ya jamii, kuna Global Health Media Project. Video zake za huduma kwa mtoto mchanga, unyonyeshaji na uzazi zina matoleo ya Kiswahili na hupakuliwa bure kwa matumizi yasiyo ya biashara. Zinaonesha mwili kama ulivyo na kazi kama inavyofanyika, kwa hiyo si za kurushwa ovyo kwenye makundi ya WhatsApp. Zile za unyonyeshaji mama yeyote anaweza kuzitazama. Zile za kumsaidia mtoto asiyepumua ni za aliyefunzwa, na mzazi mwenye mgonjwa anapaswa kuwa njiani kuelekea kituo cha afya, si kwenye simu.

Kwa watoto, Ubongo ya Dar es Salaam inajulikana kupitia runinga. Ubongo Kids ilianza kurushwa mwaka 2014, na Akili and Me inawalenga walio kati ya miaka 3 na 6. Wasichokijua wazazi wengi ni kwamba Ubongo ina ukurasa maalumu wa kupakulia vipindi na nyenzo zake bure kwa walimu na walezi. Mwalimu wa awali mwenye kishikwambi na spika ndogo ana kipindi cha wiki nzima pale.

Shule yenye kompyuta moja nzima inaweza kwenda mbali zaidi kwa kutumia Kolibri, programu ya bure inayohifadhi masomo ndani ya kompyuta na kuyagawa kwa waifai ya darasani bila intaneti. Masomo ya Khan Academy kwa Kiswahili ni kati ya yanayoweza kuwekwa humo. Kazi ya kupakua hufanywa mara moja, pengine Morogoro au Dar, kisha kompyuta inarudi shuleni ikiwa imeshiba.

Hesabu ya bando

Ukubwa wa video unategemea mambo mawili: urefu wake na ubora wa picha. Video ya dakika 10 yenye ubora wa 360p huwa kati ya MB 35 na 50. Hiyohiyo kwa 720p hufika MB 120 hadi 200. Kwenye kioo cha simu tofauti haionekani sana. Kwenye bando inaonekana mara moja: GB 1 itabeba kama video 25 za ubora wa chini, au 6 hivi za ubora wa juu. Kwa mafunzo, 360p inatosha. Ubora mkubwa ubakie kwa zile zitakazooneshwa ukutani kwa projekta.

Kutazama mtandaoni bila kupakua ni hasara iliyojificha. Kila mara video inapochezwa upya, bando linaliwa upya. Aliyepakua mara moja amelipa mara moja, hata akiitazama mwaka mzima.

Utaratibu mzuri ni huu. Mtu atafute na kuchagua kwanza, bila kupakua, aandike majina ya video na ukubwa wake kwenye karatasi. Kisha ajumlishe. Ikifika MB 800, aunge bando la GB 1, si la MB 500 kwa matumaini. Wengi hupakua usiku wa manane au alfajiri, pale mnara unapokuwa hauna msongamano na vifurushi vya usiku vikiwa na nafuu. Simu iwe kwenye chaji, na programu nyingine zizuiwe kujisasisha, maana zikianza zote kwa pamoja bando linaisha kabla ya video ya pili. Penye waifai ya hoteli, chuo au ofisi, aombe ruhusa kwa mwenyewe, kwa sababu mtu mmoja anayepakua GB 5 anawazimia intaneti wengine wote.

Kivinjari cha kawaida cha simu kinatosha kupakulia. Tovuti ikimlazimisha mtu kusakinisha programu isiyo kwenye duka rasmi la simu yake, aiache. Vilevile ajihadhari na vitufe vikubwa vya kijani vilivyoandikwa "Download" vinavyotokea pembeni mwa ukurasa. Mara nyingi hayo ni matangazo. Kitufe cha kweli huwa kidogo, karibu na jina la video, na faili inayoshuka huishia kwa .mp4 au .3gp. Ikiishia kwa .apk, hiyo si video. Ifutwe bila kufunguliwa.

Bando likikata katikati, isianzwe upya haraka. Vivinjari vingi vina orodha ya vilivyopakuliwa yenye kitufe cha kuendelea pale palipoishia, ingawa baadhi ya tovuti hazikubali. Ndiyo sababu nyingine ya kupendelea faili ndogondogo kuliko moja kubwa.

Kadi inayodanganya

Memori kadi ya GB 32 inabeba zaidi ya video 700 za MB 40, hiyo ni maktaba ya kijiji ndani ya kitu kidogo kuliko ukucha. Ila sokoni zimejaa kadi za uongo. Kwa nje imeandikwa 64, na simu nayo inasoma 64, lakini ndani kuna 8. Faili za mwanzo zinakaa salama, zinazofuata zinaonekana kwa majina tu. Mtu anagundua siku ya kuonesha, mbele za watu.

Kuipima si kazi ngumu. Kadi ikiwa mpya na tupu, ijazwe faili hadi mwisho, kisha zichezwe zile za mwisho kuingizwa. Zikigoma, irudishwe dukani siku hiyohiyo, na risiti iwe mkononi. Mwenye kompyuta ya Windows anaweza kutumia programu ya bure iitwayo H2testw, inayoandika kadi nzima na kuisoma tena, kisha ikataja ukubwa wa kweli.

TV nyingi za bei nafuu zinataka flashi iliyoformatiwa kwa FAT32, na mfumo huo haupokei faili moja yenye zaidi ya GB 4. TV pia husumbua kwa aina ya faili: ile ya MP4 iliyosimbwa kwa H.264 hucheza karibu kila mahali, wakati ya H.265 hutoa sauti bila picha, au hukataa kabisa. Kwenye simu na kompyuta, VLC inacheza karibu kila kitu. Nakala ziwe mbili kila wakati, kadi moja ya kuazimisha na nyingine ya kukaa nyumbani. Flashi iliyopita kwenye kompyuta tano za mjini ina virusi hadi ithibitishwe vinginevyo.

Kuazimisha kijijini

Mtu mmoja akishakusanya video 50 zenye ruhusa ya kugawiwa, ana maktaba. Kinachobaki ni utaratibu, na daftari la kaunta linatosha. Safu za daftari ziwe tarehe, jina la mwazimaji, namba ya video, amechukua kwa njia gani, na kama imemsaidia. Kila video ipewe jina la faili linaloeleweka, mfano 014_Mpunga_KuchaguaMbegu_Dk9, badala ya lile la mtandaoni lenye tarakimu thelathini. Faili moja ya maandishi iwekwe humohumo ikitaja kila video imetoka wapi na ina masharti gani. Siku afisa akiuliza, jibu liko ndani ya kadi yenyewe.

Kurushiana kwa Bluetooth kunachukua dakika kadhaa kwa faili ya MB 40, na hata simu nyingi za zamani zinakubali. Programu za kurusha kwa waifai kati ya simu mbili humaliza kwa sekunde, na hazili bando. Kwa njia zote mbili hakuna haja ya kumpa mtu kadi aondoke nayo. Hapo kuazima hakumnyimi mwingine: video namba 14 inaweza kuwa kwa watu ishirini siku moja.

Mahali pa kuweka maktaba hii ni pale watu wanaposubiri. Ofisi ya AMCOS siku za malipo ya miwa, mashine ya kukoboa mpunga msimu wa mavuno, kliniki ya watoto, kijiwe cha bodaboda karibu na stesheni ya TAZARA, yote ni mahali ambapo mtu ana nusu saa na simu mkononi. Mwalimu, muuguzi au bibi shamba mwenye kadi moja anaweza kuhudumia hapo bila jengo wala bajeti.

Hata kijana wa sokoni mwenye kompyuta ana nafasi yake. Hakuna kinachomzuia kuweka folda ya Kilimo, ya Watoto na ya Afya, na kuwapa bure wateja wanaokuja kwa mambo mengine. Atoze kwa kazi yake ya kuprinti, kuchaji na kutengeneza simu. Kutoza kwa video yenyewe inayokataza biashara ndiko kunakovunja masharti, na akitaka kutoza aandikie mwenye kazi aombe ruhusa.

Kuonesha hadharani ni jambo jingine. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inaweka maonesho ya filamu kwa umma chini ya usimamizi wa serikali, na Bodi ya Filamu ndiyo yenye dhamana. Anayepanga jioni ya video kwenye uwanja wa kijiji aanze kwa afisa mtendaji, aeleze ni video zipi, za nani, bila kiingilio, halafu aelekezwe kibali kinachohitajika. Watu wawili wakitazama simu moja chini ya mwembe hilo haliwahusu.

Vifaa vya maonesho navyo vimerahisishwa. Access Agriculture imekuwa ikiwapa vijana katika nchi kadhaa za Afrika projekta ndogo ya sola yenye hifadhi nzima ya video ndani yake, inayofanya kazi bila umeme wa gridi wala intaneti. Kikundi cha vijana au chama cha wakulima kinachotaka kuwekeza kwenye kifaa cha namna hiyo kipime kwanza mahitaji kwa miezi michache ya kurushiana kwa simu.

Kwa kazi hiyo ya kupima, ukurasa wa mwisho wa daftari uachwe kwa ajili ya maombi yaliyokosa jibu. Mang'ula itakuwa na yake: namna ya kuweka uzio wa mizinga ya nyuki dhidi ya tembo wanaotoka Udzungwa, kusoma karatasi ya malipo ya miwa, kupandikiza mpunga kwa kamba. Mengine yatakuwa yapo kwa Kiingereza au Kifaransa yakisubiri sauti ya Kiswahili. Ombi likiandikwa mara tatu na watu watatu, nakala ya ukurasa ipelekwe kwa afisa ugani wa kata, na barua pepe fupi iende kwa wenye maktaba ya mtandaoni ikitaja kijiji, zao, lugha na idadi ya walioomba.